Slivu za Peugeot 504 chini ya upenu, Tabata

Nikisema nimefanya ovahoo ya injini nyumbani, yaani nimeifungua yote na kuifunga upya, swali la kwanza huwa ni lilelile: mashine ya kuchonga silinda uliitoa wapi? Sikuitoa popote. Injini ya Peugeot 504 haiihitaji, na hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue 504 badala ya Corolla ya zamani ambayo kila kona ya Dar kuna mtu anaijua.

Kwa asiyelijua gari hili: lilitoka mwaka 1968 na injini ya cc 1796, halafu 1970 ikaja ya cc 1971, ambayo ndiyo yangu. Pistoni ina upana wa milimita 88, mwendo wake ni milimita 81. Injini nyingine nyingi silinda zake zimetobolewa kwenye bloku yenyewe. Zikilika, unabeba bloku nzima kwenye bajaji ya mizigo hadi kwa wachongaji, unaomba Mungu wachonge tundu zote sawa, kisha unasaka pistoni za saizi kubwa. Kwenye 504 bloku ni ganda. Silinda ni slivu nne zilizosimama ndani yake, maji yanazigusa moja kwa moja ubavuni. Slivu ikichoka unaigonga taratibu kutokea chini kwa kipande cha mti mpaka itoke, kisha unaweka mpya ambayo imekuja ndani ya boksi pamoja na pistoni yake, pini yake na ringi zake. Unahitaji mikono, vipimo na subira. Mimi kazini kwangu ni maabara, kwa hiyo vipimo na subira nalipwa kuwa navyo.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye simu yake imejaa video za Mustang na Camaro, alikuja kuangalia akakunja uso.

"Shangazi, silinda nne tu? Si ungetafuta V8?"

Nikamwambia anitafutie kwanza mahali pa kuchongea tundu nane hapa mjini kwa kipimo ninachokiamini, halafu tuongee. Ile Chevrolet 350 anayoipenda, lita 5.7, ni injini nzuri na spea zake Marekani zimejaa, lakini silinda zake zimo ndani ya chuma cha bloku. Ikilika hakuna cha kuchomoa. Kisha nikageuza hedi ya 504, kile kifuniko cha juu cha injini, juu ya meza nikamwonyesha chemba zake za kuchomea mafuta: nusu duara, valvu za kuingiza upande huu, za kutoa upande ule, plagi imekaa karibu na katikati. Chrysler walipotoa ile 426 Hemi mwaka 1964, lita saba, jina lenyewe walilitoa kwenye umbo hilohilo la chemba. Hapo akavuta stuli akakaa. Tangu siku hiyo ndiye mshika tochi wangu, na malipo yake ni chipsi mayai.

Gari nililinunua kwa mhadhiri mstaafu wa Changanyikeni. Lilikuwa limelala miaka, na kila aliyelipita alikuwa na jibu: injini imezeeka, tupa, funga ya Toyota. Mzee mwenyewe hakutaka kusikia hilo. Alinisimulia jinsi vijana wa zamani walivyokuwa wakisimama barabarani kuona Safari Rally ikipita, na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akishinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967. Injini ya 504 ni ya ukoo huohuo wa 404, imeinamishwa ubavu vilevile chini ya boneti. Yeye 504 yake aliinunua baada ya Ove Andersson kushinda Safari ya 1975 nayo. Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa, nikalipa, tukalivuta kwa kamba hadi Tabata usiku foleni ilipopungua.

Kufungua hedi ya injini yenye slivu za maji kuna adabu yake. Huivuti juu kwa nguvu, kwa sababu gasketi ikiwa imeng'ang'ania, slivu zinanyanyuka nayo, na zikinyanyuka maji yanashuka kwenye oili. Unaitikisa kwa pembeni, kushoto kulia, mpaka ijiachie. Mimi nilikuwa nakwenda kuzitoa slivu zote hata hivyo, lakini nilitaka kuona zilivyokaa kabla sijazigusa.

Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike haya.

Slivu tatu za mwanzo zilitoka bila ubishi. Ile ya mwisho, upande wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ilikataa. Nikamwaga mafuta ya taa kuizunguka, nikaiacha ilale, kesho yake ndipo ikasogea. Ilipotoka niliingiza mkono kwenye bloku nikakuta tope. Si tope la mvua. Ni kutu na chokaa vilivyoshikana, rangi ya kahawia iliyoiva, vimejaa kutoka chini mpaka karibu theluthi ya urefu wa slivu. Juu lilikuwa laini, linachoteka kwa kijiko. Chini lilikuwa gumu kiasi kwamba bisibisi ililia nilipolichokonoa. Silinda ile ilikuwa inapikwa miaka yote, maji hayaifikii nusu yake, huku mwenye gari akibadilishiwa rejeta, temostati na pampu ya maji na mafundi wasiofungua ndani.

Chanzo hakina siri. Hapa Dar nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Mtu anasikia gari limepanda joto, anachukua dumu lililo karibu na jiko, anajaza rejeta. Kwenye injini ya chuma tupu utachelewa kuona madhara. Lakini 504 ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na metali mbili za namna hiyo zikikaa kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Hedi yangu ilikuwa imeliwa kuzunguka matundu ya maji mpaka kwenye kingo ambazo gasketi inakalia. Kwa hiyo injini hii wala haikuzeeka. Iliuawa na dumu la maji. Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ya kijani au ya rangi yoyote, haiwekwi kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake; ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo tunayoihitaji sisi. Ichanganye na maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Kusafisha bloku ndiko kulikokula muda kuliko kazi nyingine zote. Kukwangua, kupuliza, kusuuza, kukausha, kupaka oili mara moja kwa sababu hewa ya bahari haina huruma: chuma kilichosafishwa jioni kikiachwa wazi, asubuhi kina vumbi jekundu. Kipande ambacho nilikuwa sikishughulikii kilipakwa oili na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mahali slivu inapokalia, ule ukingo wa chini ndani ya bloku, nilipasugua kwa kitambaa na vidole, bila msasa mkali, mpaka kucha ikizunguka haikwami popote.

Kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, nilikuta zawadi nyingine: minyoo ya silikoni nyekundu imenasa kwenye chujio la pampu ya oili. Kuna gereji iliwahi kufunga injini hii kwa kupaka silikoni kila sehemu iliyotakiwa gasketi ya karatasi. Inayobanwa ikatokea nje unaifuta, unajisifu. Inayotokea ndani inaogelea mpaka kwenye oili.

Kazi mbili zilinitoa nyumbani. Hedi niliipeleka Gerezani kwa wanaochomelea aluminiamu kwa argoni; wakajaza palipoliwa, kisha ikasagwa kiasi cha kunyooka tu. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, niliipeleka kwa mzee mmoja anayesaga kranki tangu enzi za mabasi ya UDA, nikiwa na karatasi yangu ya vipimo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo yuko wapi nimweleze?"

"Kranki ni yangu, mzee. Jonali ya tatu imelika kwa umbo la yai. Nimeipima sehemu nne."

Jonali ni sehemu ya kranki inayozunguka ndani ya beringi. Mzee aliitazama karatasi, akachukua maikromita yake mwenyewe, akapima kimya. Kisha akamwita kijana wake: "Njoo uone mtu anavyoandika." Akaisaga saizi moja chini, akanionya nisithubutu kufunga kabla ya kuosha njia za oili ndani ya kranki, maana unga wa jiwe hujificha humo. Nilikuwa najua, lakini niliitikia kama ndiyo kwanza nasikia. Mzee akikupa kitu, unapokea.

Beringi mpya, slivu na pistoni zilikuja kutoka Nairobi kwa basi, kwa kuwa Kenya waliunganisha 504 pikapu kwa miaka mingi na spea bado zinazunguka. Bei yake ilinilisha dagaa mwezi mzima.

Kuhakikisha nafasi ya oili kati ya kranki na beringi nilitumia plastigeji, uzi mwembamba wa plastiki laini. Unakata kipande, unakilaza juu ya jonali iliyokauka, unafunga kifuniko kwa toki spana, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kamili bila kuzungusha kranki, kisha unafungua. Uzi umebonyea kuwa utepe. Unalinganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye pakiti. Kwangu utepe uliangukia milimita 0.05 karibu sehemu zote. Mafundi wengi wananicheka hapa, wao wanazungusha kranki kwa mkono na kusema "iko safi." Inawezekana mkono wao unajua. Wangu haujui, na beringi haiuzwi kwa sala.

Kisha ikaja kazi ambayo ndiyo roho ya injini hii. Slivu ikishakaa, mdomo wake lazima utokeze juu ya uso wa bloku kidogo sana, pungufu kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita, ili hedi ikibanwa iikandamize slivu kwanza. Ikizama, gasketi itaungua. Moja ikipanda kuliko jirani yake, hedi itakaa imeinama. Unarekebisha kwa gasketi za chini ya slivu, ambazo huja kwa unene tofauti. Nilipima kwa dayo, kipimo chenye uso kama wa saa, nikatoa, nikabadilisha, nikarudisha, mshika tochi wangu akiandika namba kwenye daftari la hesabu la shule. Slivu za pili na tatu zilinisumbua mpaka nikazibadilishana nafasi na pistoni zake.

Zikishakaa sawa, hazitakiwi kuguswa tena. Ukizungusha kranki kabla hedi haijafungwa, ringi zinapanda na slivu yake na kuharibu ulichopima. Nilichukua boliti za hedi za zamani, vipande vya bomba la maji na washa nene, nikazibana midomo ya slivu kwa hizo. Haigharimu kitu na sijaona fundi wa mtaani akifanya.

Jambo dogo kwa atakayejaribu: Peugeot wanahesabu silinda kuanzia flaiwili. Fundi aliyezoea Toyota ataanza mbele. Mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyofuatana kuwaka, ni 1-3-4-2, na raha yake ni kwamba ukigeuza hesabu bado unarudi 1-3-4-2, kwa hiyo waya za plagi zitakubali. Alama za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ndizo hazitakubali. Nafasi za valvu nilipima injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za kutoa.

Kuwasha hakukuwa na sinema. Nilitoa plagi, nikazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazima, nikarudisha plagi, nikawasha. Ilitoa moshi wa oili ya kufungia kwa dakika chache, mama wa nyumba ya pili akaanua nguo zake kwa hasira, kisha ikatulia. Niliiacha ipoe kabisa, nikafungua boksi la vipimo tena na kubana hedi upya kama kitabu kinavyotaka. Sasa naiendesha taratibu hadi Kinyerezi na kurudi, bila kuikamua, nikimwaga oili ya mwanzo mapema ili itoke na chembe zake. Mshale wa joto unasimama chini ya katikati hata kwenye foleni ya Buguruni.

Feni yake ya sumaku bado haijapona. Ilitakiwa ishike joto likipanda na kuachia likishuka, lakini kwa sasa nimeifunga ishike muda wote, inaunguruma na kula nguvu. Hiyo itafuata mwisho wa mwezi.

Jirani yangu mwenye Mark II amekwisha kuja na soda mkononi kuniomba nimfungulie ya kwake hapohapo upenuni, kwa vile inakula oili. Nilikunywa soda. Nikamwambia, kaka, ya kwako tutaifungua na kuipima pamoja hapa, lakini silinda zikiwa zimelika, bloku itapanda bajaji.