Nilivyobadilisha Redio ya Probox Bila Kukata Waya za Gari

Toyota Probox yangu iliagizwa kutoka Japani ikiwa na redio yake ya asili, ambayo masafa yake ya FM yalianzia megahezi 76 na kukomea 90. Stesheni za Kenya hutumia 87.5 hadi 108, kwa hiyo kwa miaka miwili nilikwenda Mombasa na kurudi Malindi nikisikia kile kipande chembamba tu ambapo masafa hayo hukutana. Hatimaye fundi mmoja alinifungia kifaa cha kugeuza masafa; stesheni zilipatikana, lakini zikija na mvumo.

Mwezi uliopita niliamua kuing'oa. Tulipoivuta kutoka dashibodini niliona kwamba yule fundi alikuwa amekata waya wa umeme wa gari, akausokota pamoja na wa kifaa chake na kuuzungushia tepu. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto, na shaba iliyoachwa wazi ilikuwa imegeuka kijani kwa chumvi ya upepo wa bahari. Nilipoigusa kwa ukucha, ilikatika. Iliniuma sana.

Mzee aliyenisaidia safari hii alitangulia kufungua waya hasi wa betri, kisha akaniambia, "Za gari usizikate, mwanangu. Kata za redio." Redio nyingi za dukani huwa na waya wa njano unaobaki na umeme daima ili kumbukumbu isipotee, mwekundu unaopata umeme ufunguo ukizungushwa, na mweusi wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, lakini Toyota hazifuati rangi hizo, na anayeunganisha kwa kulinganisha rangi hujitafutia fyuzi iliyoungua. Dawa yake ni soketi inayoingia katika plagi za gari zilezile. Tuliiunganisha na waya za redio mpya mezani, kwa risasi ya kulehemu, kila kiungo kikavishwa mpira wake, ndipo tukaichomeka.

Tundu la redio kwenye dashibodi ya Toyota lina upana wa milimita 200 na redio ni 180, hivyo vibao viwili vya pembeni vilihitajika.

Asubuhi ya pili saa ilikuwa imerudi sifuri na stesheni zote zimefutika. Nilikuwa nimebadilisha nafasi za wa njano na mwekundu. Tulizirekebisha pale mezani kwa mzee, na tangu hapo kila niwashapo gari Pwani FM huanza pale nilipoiacha, safi, bila mvumo.