Nilivyoiokoa injini ya 1NZ iliyokuwa inakula oili

Fundi wa kwanza hakuchukua hata dakika tano. Alivuta stiki ya oili, akaifuta, akairudisha, akaivuta tena. Ncha ikatoka kavu. "Bosi, hii imeshakwisha. Tafuta injini nyingine tufunge." Wiki tatu tu nyuma nilikuwa nimemwaga oili na kujaza mpya hadi alama ya juu, na chini ya gari hapakuwa na hata tone.

Injini yenyewe ni 1NZ-FE, cc 1,497, silinda nne, valvu 16. Fungua boneti ya Vitz, Platz, ist, Probox au Fielder ya miaka ya 2000 na mara nyingi utaikuta humo. Ndugu yake, 1NZ-FXE, ndiye aliyebebwa na Prius ya kwanza mwaka 1997. Nguvu zake ni kama farasi 109, na kwa gari jepesi zinatosha kabisa. Ina cheni ya taiming, kwa hiyo hakuna ile hesabu ya kubadilisha mkanda kila kilomita laki moja. Plagi ziko juu: unatoa koili nne, kila moja imeshikwa na boliti ya namba 10, umezifikia. Mafuta inakunywa kidogo. Niliichagua kwa sababu hizo na hadi leo nazitetea.

Tatizo ni kwamba kwa uvumilivu wake watu huisahau. Aliyenitangulia alikuwa akimwaga oili anapokumbuka. Nilipofungua kifuniko cha kujazia niliona ndani utando wa kahawia, mzito, umeshikana na chuma kama lami.

Kwenye injini hii oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma kikazio cha cheni ya taiming ili cheni isilegee, na ndiyo inayozungusha VVT-i, ile mitambo inayowahisha au kuchelewesha valvu za kuingiza hewa. Oili ikichafuka au ikipungua, cheni hulegea na kuanza kulia, VVT-i hukwama, na ringi za oili kwenye pistoni hugandana na masizi. Ringi hizo zina vitundu vidogo vya kurudishia oili chini. Vikiziba, oili hubaki kwenye ukuta wa silinda na kuungua pamoja na petroli. Ndiyo maana langu lilikuwa linakula lita moja kwa kila kilomita 1,000 bila kuvuja popote.

Kabla ya kukubali kuizika nilitaka kujua ugonjwa uko wapi hasa. Nikapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa: silinda zote nne zilisoma kati ya 190 na 195 psi. Basi ringi za juu bado zinakaba vizuri, na huwezi kuiita injini ya namna hiyo maiti. Nikaanza kufuatilia moshi. Asubuhi ikiwashwa haikutoa kitu, kwa hiyo sili za valvu sikuzishuku sana. Lakini nikiteremka mlima mrefu bila kukanyaga pedali, kisha nikakanyaga kule chini, kioo cha nyuma kilijaa bluu. Moshi wa hivyo unaweza kutoka kwenye sili za valvu au kwenye ringi za oili, na kwa kuwa asubuhi haukuwepo, nilishuku ringi zaidi. Valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, nayo niliitoa nikaitikisa. Nzima hulia ndani. Yangu ilikaa kimya, imeganda. Nikafunga mpya.

Kazi kubwa ilikuwa kuloweka pistoni. Nilitoa plagi zote, nikatumbukiza vijiti vinne vya mbao vyembamba kwenye matundu, kisha nikazungusha krenki kwa spana taratibu hadi vyote vikasimama kimo kimoja. Hapo pistoni zote ziko katikati ya silinda. Nikamimina dawa ya kuyeyushia masizi katika kila tundu na kuiacha usiku kucha. Asubuhi silinda mbili zilikuwa zimekauka, dawa imepenya chini. Mbili bado zilikuwa na dimbwi. Ndizo zilizoziba zaidi. Nikazirudia.

Hapa tafadhali kuwa makini. Usirudishe plagi na kupiga stata huku kuna kimiminika juu ya pistoni, maana hakibanwi, na fimbo ya pistoni inaweza kupinda. Mimi nilikinyonya kwa bomba la sindano na mpira mwembamba, nikakata umeme wa pampu ya mafuta na wa koili, nikafunika matundu kwa tambara, ndipo nikapiga stata plagi zikiwa nje. Oili iliyokuwemo nikaimwaga siku hiyo hiyo kwa sababu dawa ilikuwa imeshachanganyika nayo.

Taa ya injini nayo ilikuwa ikiwaka kwa kodi ya hitilafu P0012, yaani valvu za kuingiza hewa zimecheleweshwa kupita kiasi, na gari lilikuwa zito kwenye kuondoka. Nilikuwa karibu kununua valvu nzima ya VVT-i. Kumbe oili yake hupita kwanza kwenye kichujio kidogo, hakizidi ncha ya kidole, kilichofichwa nyuma ya boliti kwenye silinda hedi. Changu kilikuwa kimezibwa na tope jeusi. Nikakiosha na kukirudisha na washa mpya. Kodi haijarudi.

Sijaiponya kabisa, na sitasema nimeiponya. Baada ya kuloweka mara mbili, na kumwaga oili ya 5W-30 kila kilomita 5,000, sasa inakula lita moja kwa kama kilomita 3,500. Inaingia lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo upungufu wa lita moja tu ni zaidi ya robo ya oili yote.

Udhaifu unaoniumiza zaidi ni bloku. Ni ya aluminiamu yenye silivu nyembamba za chuma ndani ya silinda, haikuundwa ichongwe na kuwekewa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa zaidi. Silinda ikikwaruzwa kwa kukosa oili, wengi huishia kufunga injini nyingine, na hapo fundi wangu wa kwanza angekuwa sahihi. Kuseti valvu pia kunachosha: hakuna shimu, vile visahani vya kurekebishia nafasi, inabidi kutoa kemushafti na kuchagua vikombe vya unene tofauti. Pampu ya maji na mauntini ni za kubadilisha zikichoka, hazinisumbui.

Jana nilivuta stiki kabla ya kuwasha, kilomita 1,200 tangu kumwaga. Oili ilikuwa imeshuka kidogo chini ya alama ya juu, bado na rangi ya asali. Nikaongeza kidogo, nikafunga boneti.