Siku ya Mwisho Vienna: Katoni Kwanza, Mji Baadaye

Wengi wanaofuata mto Danube kwa baiskeli kutoka Passau, Ujerumani, humalizia Vienna, mwendo wa kilomita 320 hivi. Siku inayobaki kabla ya ndege huvurugwa na kitu kimoja: katoni ya kufungashia baiskeli kwa safari ya ndege. Maduka ya Austria, ya baiskeli yakiwemo, karibu yote hufungwa Jumapili. Ukiruka Jumatatu asubuhi, katoni iwe mkononi Jumamosi. Lipigie duka simu siku mbili kabla wakuwekee. Omba na kile kipande cha plastiki kinachokaa kati ya ncha za foki (uma unaoshika gurudumu la mbele), maana bila hicho foki hubinyika gurudumu likishatolewa.

Hapo ndipo uanze kutembea. Barabara ya Ringstrasse, iliyofunguliwa 1865 mahali palipokuwa na kuta za mji, inakupitisha opera, bunge na ukumbi wa jiji ndani ya kilomita tano. Angalia reli za tramu: tairi la milimita 35 linaweza kuzama kwenye mfereji wake na kukubwaga. Zivuke kwa pembe mraba, na mvua ikinyesha usishike breki wala kugeuza usukani ukiwa juu ya chuma.

Mitaa ya Graben na Kärntner Strasse ni ya waenda kwa miguu, kwa hiyo funga baiskeli kabla ya kuingia, fremu na gurudumu la nyuma pamoja. Mnara wa kusini wa kanisa kuu la Stephansdom una ngazi 343, uupande asubuhi. Kasri la Schönbrunn ni pazuri, ila bustanini baiskeli haziruhusiwi, na kwa siku moja mimi ningechagua bustani ya Prater. Njia yake kuu, Hauptallee, ni zaidi ya kilomita nne za kivuli cha miti, hakuna magari, na lile gurudumu kubwa la kuzungusha watu, la 1897, liko jirani. Ukivuka mto unafika Donauinsel, kisiwa cha kilomita 21 kilichojengwa kwa udongo wa mfereji uliochimbwa kuukinga mji na mafuriko.

Saa kumi alasiri uwe umerudi, ufungashe kukiwa na mwanga. Pedali ndizo husumbua: ya kushoto hufunguka kinyume. Simamisha spana juu kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili hulegea hivyo. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu za pedali, la sivyo zitakwama mara nyingine. Toa gurudumu la mbele, legeza usukani uulaze kwenye fremu, shusha kiti, punguza upepo wa matairi. Kifaa cha gia cha nyuma kifungue ukifunge ndani ya fremu, kwa sababu pigo moja likikipata hupinda kipande kinachokishikilia, na gia hazikai tena.

Pima uzito, kwani mashirika mengi ya ndege huishia kilo 23. Katoni haiingii teksi ndogo, hivyo agiza gari kubwa usiku huohuo. Na utepe wa gundi uubebe hadi uwanjani. Wakaguzi wakifungua, utafunga upya.