Kamati imepitisha!

Hatimaye kamati ya wamiliki wa nyumba katika ghorofa letu imeniruhusu kubomoa ukuta kati ya jiko na sebule yangu. Nilitarajia wabishanie kelele na vumbi, kumbe swali lao kubwa lilikuwa: ukuta huo unabeba jengo au unagawa vyumba tu? Mchoro wa fundi haukuwatosha, wakadai barua ya mhandisi yenye sahihi na mhuri. Haki yao, juu yangu wanalala watu!

Bafu, ambalo nalo nalikarabati, ndilo lililozua maneno. Jirani wa chini kashikilia sakafu ipakwe upya dawa ya kuzuia maji, kisha ifurikishwe saa 24 tuone kama inavuja, ndipo vigae vibandikwe. Nimekubali. Saa za kugonga nyundo tumeandikishana. Fundi anaanza Jumatatu, majirani mnivumilie jamani.