Kutoka mafunjo hadi mgomba: kumbukumbu ya mradi wangu wa karatasi

Februari 9

Nimeanza na mafunjo, na nina sababu. Neno letu "karatasi" tulilipata kwa Waarabu, qirtas, na asili yake ni kwa Wagiriki, ambao khartes yao ilikuwa ukurasa wa mafunjo kutoka Misri. Mimi naishi Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Nikishuka kuelekea ziwani nayakuta mafunjo yamenipita kimo. Jina ninalo, mmea ninao, kilichobaki ni kisu.

Shangazi, ambaye amesuka mikeka ya mafunjo tangu usichana wake, alinichagulia mabua kumi na mawili. "Kata chini, mwanangu, karibu na maji. Huko ndiko kwenye unene." Nikamenya ganda la kijani, nikachana moyo mweupe vipande vyembamba vya urefu wa mkono, nikavilaza ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa, halafu safu ya pili ikakingama juu ya ile ya kwanza. Nikagonga kwa nyundo ya mti, nikaweka ubao, na juu ya ubao jerikeni mbili za maji. Gundi haihitajiki. Utomvu wa mmea wenyewe unashika.

Februari 15

Kitambaa nimekibadilisha kila siku. Leo ukurasa umekauka, mgumu, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Unaandikika. Lakini nilipoukunja, ukapasuka palepale kwenye mkunjo.

Usiku nimesoma sana, na sasa naona tofauti ambayo sikuwa nimeielewa. Nilichotengeneza si karatasi. Ni vipande vya mmea vilivyopangwa, na mmea umebaki ulivyokuwa. Karatasi ni lazima mmea uvunjwe kabisa, kila uzi uachane na mwenzake, zote zielee majini, ndipo uzikusanye upya kwa chujio. Hilo lilitoka China. Mwaka 105 Cai Lun, ofisa wa ikulu ya nasaba ya Han, alimpelekea mfalme karatasi ya magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za samaki. Vipande vya zamani kuliko hivyo vimechimbuliwa hukohuko, kwa hiyo yeye aliuboresha ufundi uliokuwepo. (Nyavu kuukuu zipo tele Masese, mwalo wa wavuvi hapa Jinja, ila siku hizi ni za nailoni, hazifai.) Katika karne ya 8 ufundi ukafika Samarkand, ukashuka Baghdad, ukaingia Misri, na humo polepole ukayaondoa mafunjo kazini. Kitu kikabadilika, jina likabaki lilelile. Kwa hiyo tunaposema karatasi, tunautaja mmea wa kinamasi bila kujua.

Machi 2

Mgomba. Ukishatoa mkungu wake unakatwa tu, haunigharimu chochote. Nimebandua magome ya shina, nikakatakata vipande vya sentimita mbili, nikavichemsha kwa muda wa saa nne kwenye sigiri kwa maji ya majivu. Maji ya majivu yanayeyusha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi. Yanachoma: tumia fimbo, usitie mkono. Kisha suuza mpaka utelezi uishe.

Halafu kinu na mchi. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Nilitwanga kwa muda wa saa moja nikadhani nimemaliza. Kipimo ni hiki: tia kijiko cha rojo kwenye chupa ya maji, tikisa, itazame kwenye mwanga. Ukiona mabonge, rudi kwenye kinu. Nilirudi mara tatu.

Machi 3

Fremu mbili za mbao zinazolingana, moja imepigiliwa wavu wa mbu wa dirishani. Unazizamisha pamoja kwenye beseni la maji yenye rojo, unainua zikiwa sawasawa, unatikisa kidogo huku na huku ili nyuzi zifumane, maji yanachuruzika. Karatasi nne za kwanza zilitoka na upande mmoja mnene na mwingine unaoonyesha vidole. Maji yanakimbia haraka mno kabla nyuzi hazijatulia.

Machi 9

Dawa yake nimeipata sokoni: bamia! Mafundi wa Japani hutia majini ute wa mzizi wa mmea uitwao tororo-aoi, ambao ni ndugu wa bamia. Ute huo unayafanya maji yawe mazito, yachuruzike polepole, na nyuzi zisizame. (Jina hilo limenifurahisha, maana mji wetu wa Tororo uko barabara hiihii ya kwenda mpakani.) Nililoweka bamia nane usiku kucha, nikachuja, nikamimina vikombe viwili. Tofauti nimeiona kwa macho yangu: maji yamekaa juu ya wavu kwa utulivu, nami nikapata muda wa kutikisa pande zote nne.

Karatasi tisa, zote sawa. Nimezibandika mbichi kwenye kioo cha dirisha, zikakauka laini upande wa kioo.

Machi 11

Wino wa kalamu ulisambaa kama kwenye tishu. Nikapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, nikaupaka kwa brashi pande zote mbili, nikaanika tena. Mafundi wa nchi za Kiislamu nao walipaka wanga karatasi zao. Shangazi ameandika jina lake, mstari umekaa. Ameikunja mara nne, akaikunjua, akaitazama kwenye mwanga wa jua.

"Na yale maganda ya mafunjo uliyoyatupa?" akaniuliza.

Sikuyatupa. Yako uani, yamekauka. Jumamosi nayachemsha kwa majivu, nitayatwanga pamoja na mgomba, nusu kwa nusu.