Betri Haikuwa Mbovu

Kwa kinyozi, Jumamosi ndiyo siku. Sasa stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza, mimi nililala vizuri. Nilikuwa na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri ya gari, N70 ya ampea 70, chini ya kaunta. Asubuhi huku Kayole bado hakuna stima, foleni imejaa. Saa tano hivi, mteja kanyolewa upande mmoja, inveta ikalia pii, pii, ikazima. Nilimmalizia kwa makasi na wembe. Sikumtoza.

Hiyo ilikuwa betri ya pili kunifia ndani ya mwaka. Nikaibeba hadi mtaa wa Grogan, Nairobi, kwa fundi mmoja mzee, nimejiandaa kugombana. Akaipima: volti 10.9.

"Kijana, hujauziwa mbovu. Umeiua wewe."

Akaandika nyuma ya risiti: volti 12 mara ampea 70, yaani wati 840 kwa saa moja. Lakini betri ya asidi kama hii ukiinyonya kupita nusu kila mara, inazeeka upesi. Kwa hiyo zangu halali ni 420, na inveta nayo inakula humo humo. Isitoshe, ya gari imeundwa kuwasha injini, si kulisha TV.

"Kule una nini?"

Mashine tatu, taa mbili, TV... na ile ya kupasha taulo. Niliporudi nikasoma kibandiko chake: wati 200! Mashine zote tatu za kunyoa hazifiki 45.

Siku hizi stima ikipotea, maji ya taulo yanatoka kwenye thamosi. TV nazima, na wapenzi wa ligi wananinunia. Nilinunua mita ndogo ya kupima volti mtaa wa Luthuli. Kwa betri ya asidi, nikitaka ukweli nilikuwa nazima kila kitu kwa muda kwanza, maana betri ikiwa kazini inasoma chini. Ikionyesha 12.2, imefika nusu, basi naacha. Baadaye nilidunduliza nikapata ya lithiamu, ampea 100, ambayo unaweza kuitumia karibu yote. Chaja ya zamani, ya betri ya asidi, ilibidi niiache.

Upepo wa Turkana, kwenye mitambo ya umeme ya megawati 310, huvuma sana usiku tukiwa tumelala, na mwingine unaachwa upite. Kwa hiyo nikisikia habari za mabetri ya gridi, yale makubwa ya kuhifadhi stima ya nchi, ninauliza swali la fundi: megawati nimesikia, lakini kwa saa ngapi?

Yule wa upande mmoja bado huja. Kabla sijamfunga kitambaa, anachungulia mita.