Kilemba cha Kashmir, soko la Matrah

Tikiti ya ndege kutoka Unguja hadi Muscat ilinila akiba yote, na teksi ya kutoka uwanja wa ndege ikamalizia kilichobaki. Harusi ya mtoto wa ami yangu ilifana, alhamdulillahi, lakini ninachotaka kusimulia hapa ni vilemba.

Ndugu zetu wa Oman hawasubiri harusi wala Idd. Asubuhi karani anakwenda ofisini na kanzu yake, na kichwani kilemba cha shali ya sufu kimekaa sawasawa. Kwetu Unguja tumewaachia mashekhe na mabwana harusi. Sisi wengine kofia inatutosha. Ami akanitazama kichwani, akasema, "Mwanangu, kwenye harusi ya nduguyo hukai mbele na kofia tupu." Tukaenda soko la Matrah.

Soko lile linatazama bandari, na ukishaingia ndani harufu ya ubani haikuachi. Duka la kwanza, muuzaji akatutandikia shali nyeupe ya maua ya zambarau. Pashmina safi, akasema, imetariziwa kwa mkono, rial 120. Hizo ni zaidi ya dola 300! Akavua pete yake kidoleni, akaipitisha shali nzima ndani ya pete ile, ikateleza yote.

Ami hakusema kitu. Aliichukua shali akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaigeuza.

"Tizama huku nyuma," akaniambia kwa Kiswahili. Nyuma ya kila ua palikuwa na uzi mwingine mweupe, umekwenda sare kutoka pembe hadi pembe, na maua yote yalilingana kama yamepigwa muhuri. Kazi ya cherehani. Kuhusu pete, akasema, viskosi, kile kitambaa laini cha kiwandani, nayo hupita kwenye pete. Akairudisha kwa adabu, tukatoka. Mimi damu ilinichemka. Mtu kuuza kazi ya mashine si kosa, lakini kuiita ya mkono ni kumwibia mnunuzi na fundi pia.

Duka la pili alikuwepo kijana wa Srinagar, mji wa Kashmir, na huyo ndiye aliyenifungua macho. Pashmina ya kweli, alisema, ni manyoya laini ya chini ya mbuzi wanaofugwa Changthang, kule Ladakh, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Manyoya hayo huchanwa wakati baridi inapokwisha, husokotwa kwa mkono, kisha hufumwa. Mchoro hugongwa juu ya kitambaa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, ndipo fundi wa sozni, yaani utarizi wa mkono wa Kashmir, anaufuata kwa sindano nyembamba. Mafundi wengi wa sozni ni wanaume, na shali iliyojaa maua huweza kumchukua fundi zaidi ya mwaka. Akanionyesha pembe moja: jani lilikuwa na kijani cha aina tatu, na karibu na ukingo ua moja lilikuwa dogo kidogo kuliko jirani yake. Nyuma, vishono vidogo vimebanana, na fundo mojamoja ukiangalia vizuri.

Tirma yenyewe, ndivyo Waomani wanavyoiita shali ya sufu hiyo bora kabisa, sikuiweza. Nilichukua nusu tirma, ya daraja la chini yake; alianza rial 60 nikamshusha hadi 45, na bado iliniuma.

Ami akanifunga hapohapo mbele ya kioo. Kofia kwanza, maana bila ya kofia kilemba hakipati umbo. Shali ikunjwe pembetatu, upande mrefu ukae juu ya paji la uso, ncha ianguke kisogoni. Mikono miwili ya shali ipishane nyuma juu ya ile ncha, irudi mbele, mmoja ulazwe bapa ili taraza ionekane, kisha miisho ichomekwe. Usikaze hadi kichwa kikaanza kuuma. Na rangi ya maua ifuatane na kishada cha shingoni mwa kanzu; hilo ami alilirudia mara mbili.

Ami alizaliwa Malindi ya Unguja, akaondoka baada ya 1964. Kiswahili chake ni cha Unguja mpaka leo. Wakati ananifunga aliniuliza kama bado kofia za viua zinashonwa kwa mkono. Nikamwambia zinashonwa, lakini madukani zimejaa za mashine, na mama anayekaa na sindano miezi kutoboa na kuzungushia vile vitundu anapewa bei ya kumvunja moyo. Alihuzunika kweli. Nami nikaona uchungu: tunamjua fundi wa Kashmir kwa sifa, na aliye Pemba tunambishania shilingi elfu kumi.

Shali nimeikunja ndani ya kitambaa cha pamba, mbali na nondo. Kabla ya Idd nitaagiza kofia ya kuvaa chini yake kwa mama mmoja wa Wete, na bei atakayoitaja ndiyo nitakayolipa.